Pawa stelingi ya gari ya kitambo: uongeze oili tu, ubadilishe siili, ama ununue raki ya ex-Japan?

Stelingi ikianza kuwa nzito hapa Nairobi, majibu utapata mengi kuliko mafundi. Mmoja anakwambia ongeza oili uende, mwingine anasema pampu imeisha, na kuna yule hata boneti hajafungua na tayari ashapigia mtu wake wa Grogan, kule kwa spea, simu kuulizia raki, lile bomba la chuma linalogeuza tairi za mbele. Na wote wanaeza kuwa sawa, inategemea ni gari gani na inavuja wapi. Hapa naongea na mwenye Corolla 110, Legacy ama Forester za kabla ya 2008, hizo gari ambazo sokoni hazina bei tena lakini bado zinakupeleka kazi na kukurudisha, na sasa unajiuliza kama utibu kidogo kidogo ama umalize kazi yote mara moja.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usisome hadi chini ukitafuta. Kuongeza oili tu ni ya gari inayolowa kidogo, haidondoki. Hozi na pampu karibu kila mara zina maana kutengeneza. Raki ndio kesi ngumu, na hapo kinachoamua ni hali ya fimbo ya chuma ya ndani, sio bei ya siili, zile raba zinazozuia oili kutoka, wala maneno matamu ya fundi.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kwanza gari yako ni ya oili ama ya umeme. Fungua boneti utafute tanki ndogo ya oili ya stelingi na pampu inayozungushwa na belti. Ukikosa zote mbili, kama vile Vitz ama Honda Fit, yako ni ya umeme, hakuna oili ya kuongeza wala hozi ya kuvuja, rukia sehemu ya mwisho. Halafu pima upepo wa tairi za mbele, kile kipimo kimeandikwa kwa stika pale kwa fremu ya mlango wa dereva. Najua inakaa ushauri wa mtoto lakini tairi zikiwa chini stelingi inakuwa nzito na kuna watu wameuziwa pampu juu ya hio. Angalia na belti, ikiwa imelegea ama imeng'aa kama plastiki inateleza, na utaskia ikipiga mayowe ukikata kona ukiparki. Hio ni belti tu, usikubali iitwe raki.

Kuongeza oili ama kutengeneza

Huu ndio mjadala wa kwanza na ni wa pesa tupu. Kama unaongeza nusu lita kila wiki, kwa mwaka umemwaga lita 26 barabarani. Piga hesabu na bei ya lita pale petroli stesheni unanunua, utaona hio pesa inakaribia kazi ya maana na bado stelingi inavuja. Hapo sijaweka lile la hatari, oili ikidondokea kwa eksosi inatoa moshi na inaeza shika moto, na siku utasahau kuongeza pampu itazunguka kavu. Pampu ikizunguka kavu inajila, unga wake wa chuma unasafiri na oili hadi kwa raki, kwa hivyo uliokuwa mvujo wa hozi sasa ni hozi, pampu na raki.

Lakini sio kila mvujo ni dharura. Kama oili inashuka kidogo sana, miezi inapita ndio uongeze, na chini ya gari ni unyevu tu, mimi ningeongeza nikaendelea na maisha yangu. Muhimu ni kuweka oili inayofaa. Toyota na Subaru nyingi za umri huo zinatumia ATF, ile oili ya gia za otomatiki, ya aina ya Dexron II ama III, hio nyekundu, lakini Honda ina oili yake ya stelingi na ukiiwekea ATF unaharibu siili. Kwa kifuniko cha tanki huwa imeandikwa, futa uchafu usome.

Kuna ile dawa ya kuzuia mvujo, ya kumwaga ndani ya tanki. Inafanya nini kwa kweli? Inalainisha na kufurisha raba iliyokauka. Siili iliyokakamaa kwa uzee inaeza tulia kwa muda. Siili iliyokatika, hozi iliyopasuka na chuma kilicholiwa na kutu havijui hio dawa. Kwangu hio ni ya mtu anangojea mwisho wa mwezi, basi.

Hozi: ya kubaniwa, ya ex-Japan, ama mpya

Hozi ni mbili na watu wanazichanganya. Moja inarudisha oili kwa tanki, presha yake ni ndogo na klipu ya kawaida inaishika, weka tu hozi inayovumilia oili, sio ya maji ya rejeta, juu ile ya maji inavimba inaoza. Nyingine inatoka kwa pampu kwenda kwa raki, na hio ukikaza stelingi hadi mwisho presha inaeza pita 1,000 psi. Mtu akikwambia anakata pale imepasuka anaunga na klipu mbili, mwambie asante na uondoke. Itashika kwa yadi yake, na itakuachia kwa raundabauti.

Kwa hozi ya presha, mimi nachagua ya kutengenezwa kwa wale watu wa hozi za haidroliki, hizo za oili ya presha, wako Industrial Area na wengine huku Kirinyaga Road. Wanachukua ncha zako za chuma, wanaweka raba mpya yenye waya ndani, wanabana na mashine. Ile ya ex-Japan, yaani iliyotolewa kwa gari iliyotumika Japani, inakaa nzuri kwa macho lakini fikiria, kama gari yako ni ya 1998, hio hozi ilitoka kwa gari ya rika moja na yako, raba imezeeka sawasawa na ile unatupa. Mpya ya kampuni iko sawa kabisa ukiipata na mfuko ukikubali.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo kwa mtu wa hozi. Kabla akate, achore alama na choki ama kalamu kwa zile ncha mbili, ndio zikirudishwa zielekee vile zilikuwa. Ncha ikigeuka hata kidogo, hozi inajipinda ikifungwa, inaanza kusugua kwa injini ama karibu na eksosi, na hio raba mpya inatoboka haraka. Fundi mzuri hata haulizwi, anachora. Ukiona anakata bila kuweka alama simama hapo karibu na umkumbushe, hata akikuangalia vibaya.

Pampu

Pampu ikilia usikimbilie kununua. Kilio mara nyingi ni hewa imeingia kwa oili, na hewa inaingilia upande wa kunyonya, sio wa presha, kwa hivyo unaeza kosa kuona hata tone moja chini. Fungua tanki injini ikizunguka, ukiona povu, hio ni hewa. Subaru za injini ya EJ, ile iko kwa Legacy na Forester nyingi za umri huu, zinajulikana kwa hii, kuna o-ringi moja, yaani pete ya raba, pale bomba la kunyonya linaingia kwa pampu, inakauka, inapitisha hewa, na stelingi inakuwa nzito huku ikiguna. O-ringi ni pesa ya chai. Wamiliki wa Subaru wamebadilishiwa pampu nzima na kilio kikarudi, juu ile o-ringi ya zamani ilirudishwa palepale.

Kama ni pampu kweli, yaani inavuja kwa shafti nyuma ya puli ama imeisha nguvu, uko na njia tatu. Siili mpya ni ya bei ya chini na inafaa kama shida ni kuvuja tu na haikuwa inalia. Ikishaanza kulia na oili iko sawa na hewa haipo, ndani imeshalika, siili haitarudisha chuma, tafuta pampu nyingine. Ya ex-Japan hapa ina maana kuliko kwa hozi, juu pampu ni chuma zaidi ya raba. Izungushe puli na mkono hapo dukani, iende laini bila kukwama, isicheze kushoto kulia, na uingize kitambaa cheupe kwa tundu la oili, kikitoka na unga unaometa rudisha. Mpya ninaipendelea tu kama unapanga kukaa na gari miaka.

Yoyote utakayochagua, oili ya zamani imwagwe yote na mabomba yasafishwe kabla ya pampu nyingine kufungwa. Hapa ndipo kazi za haraka zinaharibikia, pampu safi inafungwa kwa oili yenye unga wa chuma wa marehemu. Na kutoa hewa, inua tairi za mbele na jeki na uweke stendi, injini ikiwa imezimwa zungusha stelingi kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi ukiongeza oili polepole, ndio uwashe. Ukiwasha mapema unatengeneza povu na mtakaa hapo hadi jioni.

Raki, sasa

Raki ndio pesa. Ni lile bomba refu la chuma limelala kutoka tairi hadi tairi, ndani kuna fimbo inayosukumwa na oili kushoto na kulia, na kwa kila mwisho kuna ile raba yenye mikunjo inaitwa buti. Buti ikipasuka, na barabara zetu na mvua ya Aprili unazijua, maji na mchanga vinaingia vinakaa juu ya fimbo, kutu inaanza, na kutu ikipita kwa siili kila ukikata kona inaikata kama msasa.

Kujua kama raki inavuja, minya buti na mkono. Ikiwa nzito na inalegalega kama mfuko wa maziwa, imejaa oili, siili za ndani zimeshindwa. Ikiwa kavu na oili iko nje tu, fuata juu, huenda inatoka kwa hozi inateremka. Ndio maana nasema injini ioshwe kwanza, uendeshe kidogo, ndio uangalie. Mvujo ukianzia pale shafti ya stelingi inaingilia kwa raki, hio ni siili ya juu, mara nyingi inabadilishwa bila matata.

Siili zikiwa zimeshindwa, chaguo ni tatu: kufungua na kuweka siili mpya, kununua raki ya ex-Japan, ama raki mpya ya kampuni nyingine. Na kabla mtu akuchagulie, mwambie fundi atoe klipu ya buti airudishe nyuma, ule upande laini wa fimbo, sio ule wa meno. Zungusha stelingi ndio fimbo itoke yote. Futa na kitambaa. Inafaa kung'aa kama kijiko kipya, na sasa pitisha ukucha polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukucha ukiteleza bila kukwama mahali, siili mpya zinafaa na zitakaa. Ukikwama kwa vishimo, hata kama ni vidogo na huvioni vizuri, siili mpya ni pesa ya kutupa, zitakatwa na vile vishimo na utarudi kwa huyo fundi ukiwa na hasira ambayo sio yake. Kuna wenye watakuambia watasugua na msasa. Kutu ya juujuu inatoka, sawa, lakini kishimo hakisuguliki, ukisugua hadi kiishe umeifanya fimbo kuwa nyembamba na siili haishiki tena.

Pia kama raki inagonga ukipita matuta, na tayari mmehakikisha sio tairodi wala raki endi, zile fimbo fupi zinazounganisha raki na tairi, siili haitatibu hio. Hapo imelika ndani, nenda kwa raki nyingine.

Sasa ex-Japan. Uzuri wake ni kwamba ni ya asili, inaingia vizuri, na kwa kuwa Japani na sisi wote stelingi iko kulia hakuna kubahatisha upande. Ubaya ni umri. Raki ya Corolla ya miaka ya 90 imekaa na siili zake zaidi ya miaka 25, na haijalishi imeoshwa ikapakwa rangi nyeusi ikametameta hapo kwa rafu. Ile rangi kwangu ni sababu ya kushuku, sio ya kufurahi. Fanya ukucha hapohapo dukani, vuta buti zote mbili, hesabu mizunguko ya shafti kutoka mwisho hadi mwisho na ulinganishe na yako, na kama haitaki kufungua buti tafuta duka la jirani, Kirinyaga Road haina upungufu wa maduka. Dai risiti iandikwe muda wa kurudisha, na uweke alama yako ya rangi mahali pa siri ndio usiambiwe eti hii sio yetu.

Kwa gari ya kuanzia 2003 hivi kuja juu ningechukua ex-Japan bila kufikiria sana. Kwa zile kuukuu zaidi, kama fimbo yako ni safi, afadhali siili mpya kwa raki yako kuliko raki ya mtu yenye siili za zamani. Na kama fimbo yako imeliwa na gari ni ya zamani hivyo, kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaitumii: nunua ex-Japan yenye fimbo safi na uiweke siili mpya kabla ya kuifunga. Leba ya kutoa na kufunga raki ndio kubwa, hutaki kuilipa mara mbili. Raki mpya ya kampuni nyingine iko, ubora unatofautiana sana, linganisha meno ya shafti na mizunguko na yako ukiwa hapo kaunta.

Nani afanye? Jua kali wa mtaani anaeza kutoa na kufunga raki vizuri kabisa, na kwa hozi na o-ringi sina shida naye. Lakini kuifungua raki ndani nataka mtu wa stelingi peke yake, mwenye meza safi, juu punje ya mchanga ikiingia hapo ndani umerudi kwa shida ileile. Gereji kubwa mara nyingi inapeleka raki nje kwa huyohuyo mtu wa stelingi na kukuongezea yake juu, kwa hivyo uliza nani hasa ataifungua.

Na yeyote awe, mwambie afunge usukani usizunguke wakati shafti imetenganishwa na raki. Ukizunguka bure, ule utepe wa nyaya ulio nyuma ya usukani unakatika, na utarudishiwa gari stelingi ni laini lakini honi imekufa na taa ya eabegi inawaka. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha tairi na mashine, lazima, siku hiyohiyo, la sivyo tairi za mbele zitaliwa upande.

Kuna na wale wanasema toa belti ya pampu uendeshe hivyo tu, mbona zamani magari hayakuwa na pawa. Hapana bana. Raki ya pawa ikikosa pawa ni nzito kushinda ile ilitengenezwa bila pawa tangu mwanzo, na kwa Subaru nyingi za EJ belti hio hio ndio inazungusha altaneta, ukiitoa gari inakuzimikia kwa Thika Road.

Kama ni ya umeme

Hapa kulinganisha ni kufupi. Taa ya stelingi ikiwaka, anza na betri na altaneta, juu volti zikishuka mfumo wa stelingi unajizima kabla ya vitu vingine. Kisha fyuzi. Na kama inakuwa nzito tu baada ya kuparki mbele nyuma mbele nyuma mahali pembamba halafu ikipumzika inarudi, mota imepata moto na inajilinda, hakuna kitu imeharibika.

Ikibaki, tafuta mtu mwenye skana inayosoma stelingi, sio ile ndogo inayosoma injini peke yake. Kwa Toyota, kodi za hitilafu za C1511 hadi C1514 zinaongea juu ya sensa ya kupima nguvu ya mkono wako, ila C1515 inasema tu kwamba sifuri ya hio sensa haijawekwa, yaani tairi zinyooshwe na skana iweke upya, bila kununua chochote. Watu wameuziwa kolamu nzima, ile nguzo ya usukani yenye mota na sensa, kwa C1515.

Kutengeneza sensa ama kubadilisha kolamu? Wanaotengeneza hizo sensa vizuri ni wachache, na kolamu za ex-Japan za Vitz na Fit ni nyingi, kwa hivyo mimi ningebadilisha, mradi namba ya kifaa ilingane na yako na muuzaji akubali ijaribiwe kwa gari kabla ya pesa kuisha kutumwa. Ikishafungwa, sifuri iwekwe na skana. Na mwambie fundi ahamishe kufuli yako ya ufunguo kutoka kolamu ya zamani, la sivyo utakuwa na ufunguo mmoja wa milango na mwingine wa kuwashia.